UZI: Kuchapa kitabu kwa pesa za wasomaji kabla hakijachapwa, tukiwa hapa hapa Lamu

#1 Mwandishi_wa_Amu

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Kila nikiingia humu nakuta kijana ana mswada kwenye simu, ameuhangaikia miaka, na swali lake ni moja: pesa za kuchapa nitazitoa wapi? Wachapishaji wakubwa wa Nairobi wanaishi kwa vitabu vya shule, na siwalaumu, ndiko soko liliko. Lakini kitabu kinachosimulia mafundi wa majahazi wa Matondoni hakimo kwenye silabasi ya mtu, na chetu kilikuwa hicho. Tulikichapa kwa pesa za watu waliokinunua kabla hakijawa kitabu, na sasa kiko mikononi mwao. Wengi wameniuliza tulifanyaje. Naeleza hapa mara moja ili nisirudie kwenye kila grupu.

La kwanza, na ndilo linalobeba mengine yote: usipokee hata shilingi ya mtu kabla mswada haujakamilika, haujapita kwa mhariri, na kabla hujashika mkononi kotesheni ya matbaa, yaani bei ya mchapaji kwa maandishi. Najua inauma. Mtu anataka pesa ndipo amlipe mhariri. Lakini ukichukua pesa ya wasomaji ukiwa na sura tatu na ndoto, umejifunga kwa deni la watu mia kadhaa, na kila siku inayopita unaandika kwa hofu badala ya kuandika kwa moyo. Pesa ya mhariri itafute kwingine: akiba, kazi ya mkono, ndugu mmoja anayekuamini. Pesa ya umma iwe ya karatasi, wino na usafiri, kwa sababu hivyo vina bei inayojulikana na tarehe inayojulikana.

Sasa hesabu. Bei ya karatasi hupanda na kushuka, kwa hiyo tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Tuseme kitabu ni A5, kurasa 176, na unataka nakala 500. Matbaa inakwambia shilingi 320 kwa nakala, yaani 160,000. Kabla hujafurahi, uliza: hiyo ina kodi ya VAT ndani au bado? Kenya ni asilimia 16. Kama bado, 160,000 inakuwa 185,600. Weka 35,000 za kupanga kurasa na jalada, 12,000 za kufunga na kusafirisha hadi Lamu, na 60,000 za mhariri ambazo umezitoa mfukoni na ni haki yako zirudi. Jumla 292,600. Ukiuza nakala kwa 900, unahitaji wanunuzi 326 ili ulipe kila kitu bila deni.

Wanunuzi 326, si 500. Tofauti hiyo ndiyo pumzi yako. Ndani yake mna nakala za mafundi waliokusimulia, nakala za amana ambazo sheria inataka zikabidhiwe serikalini, za maktaba, zilizopigwa na maji, na zile utakazouza pole pole baadaye. Anayeweka bei akidhani nakala zote 500 zitalipiwa mapema anajitafutia hasara kabla hajaanza.

Halafu unatangaza mambo mawili kwa uwazi: lengo ni wanunuzi kadhaa, na siku ya mwisho ni fulani. Lengo likifika, tunachapa. Lisipofika, kila mtu anarudishiwa chake. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuletea watu kuliko bango lolote.

Maswali karibuni.

#2 Bint_Shela

Waalaykum salaam kaka. Nina riwaya, imebaki sura mbili. Kinachonirudisha nyuma si hesabu, ni haya. Simu yangu ina grupu za michango ya harusi, ya hospitali, ya karo, ya matanga. Watu wamechoka. Kuna mtu ana mgonjwa Mombasa anatafuta pesa ya dialisisi, mimi nitatokea niseme nichangieni nitoe riwaya? Nitaonekana sina akili.

#3 Mwandishi_wa_Amu

Dada, umegusa penyewe. Usiombe mchango. Uza kitabu.

Yule wa dialisisi anaomba msaada na anastahili. Wewe huombi. Unamwambia mtu: kitabu hiki kitakuwa 900 mpaka mwezi fulani, baadaye kitauzwa 1,100, ukilipa sasa unapata risiti na jina lako linaandikwa kwenye orodha. Akikataa, amekataa kununua kitu, hajakunyima msaada, na kesho mnasalimiana vizuri. Sisi hatukuliweka tangazo kwenye grupu hata moja la michango. Tulifungua la kwetu, tukatuma mwaliko, aliyetaka akaingia.

Kuna na sababu ya kisheria. Kukusanya michango kwa umma Kenya kuna sheria yake, Sura ya 106, na kuna vibali vyake. Mauzo ya mapema ni biashara: kuna mnunuzi, kuna bidhaa, kuna risiti. Ukiandika "changia" kwenye bango huku unauza, unajichanganyia mambo mwenyewe. Andika "nunua mapema".

#4 Langoni_Kwetu

Maneno matamu. Mimi nilishalipia kitabu cha mtu, si mbali na hapa. Nikatuma pesa kwenye namba yake ya simu, nikaambiwa miezi mitatu. Kila nikiuliza: matbaa imechelewa, jalada linabadilishwa, fulani anaumwa. Mwisho aliacha kujibu. Sikudai, ni mtu wa mtaa, nitamfanya nini? Lakini sitoi tena. Nyinyi mnaokuja nyuma yake mtuambie mna tofauti gani na yeye.

#5 Mwandishi_wa_Amu

Pole sana ndugu yangu. Swali lako ndilo linalostahili jibu refu kuliko yote, kwa sababu mji wetu ni mdogo, na kila anayekula pesa za wasomaji anawafungia mlango waandishi kumi walio nyuma yake. Linaniudhi hilo kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Tofauti isiwe tabia ya mwandishi, iwe mpangilio. Mtu mwema naye anaweza kuuguliwa na mtoto usiku na pesa ya kitabu iko kwenye simu ileile anayonunulia mkate. Ataigusa. Mimi pia ningeigusa. Kwa hiyo iondoe mkononi mwake.

Tulitumia till ya Lipa na M-Pesa, yaani namba ya malipo ya biashara kwa simu, iliyofunguliwa kwa ajili ya kitabu peke yake, na pesa zikahamia kwenye akaunti ya benki yenye watu watatu wa kutia saini. Mwandishi mmoja, mwalimu mmoja, na mama mmoja mwenye duka ambaye hana urafiki na mwandishi hata kidogo. Huyo wa tatu mchague vizuri. Asiwe shemeji yako. Pesa haitoki bila wawili, na malipo yanakwenda moja kwa moja kwa matbaa, hayapiti kwa mwandishi.

Kila Ijumaa baada ya swala taarifa ya M-Pesa ilitumwa kwenye grupu. Namba za simu za watu tulizifuta, tukaacha kiasi, tarehe na herufi za mwanzo za jina. Siku hakuna aliyenunua tuliandika hakuna aliyenunua. Watu walianza kuisubiri, na wengine walinunua kwa sababu tu waliona wiki mbili zimepita kimya na taarifa bado inakuja.

Na kotesheni ya matbaa tuliibandika nzima. Mnunuzi alijua karatasi ni ya gramu ngapi kabla hajalipa.

#6 Mwanamji_Ughaibuni

Salamu kutoka Uingereza. Kwa nini msitumie Kickstarter, ule mtandao wa kukusanyia pesa za miradi? Huku watu wanachapa vitabu kwa njia hiyo kila siku. Mwaka 2022 mwandishi wa Amerika, Brandon Sanderson, alikusanya huko zaidi ya dola milioni 41 kwa riwaya nne. Siku ya mwisho ikipita lengo halijafika, hakuna anayekatwa pesa. Ndicho hicho mnachokieleza, na mfumo tayari upo.

#7 Mwandishi_wa_Amu

Kanuni hiyo ya lengo au hakuna tumeichukua huko huko, sifichi. Kickstarter wanaitumia tangu walipoanza mwaka 2009 na ni kanuni ya haki. Ila mambo matatu, ndugu.

Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mwenye mradi anaweza kufungua kampeni huko. Wapo wanaomtumia binamu aliye ughaibuni afungue kwa jina lake. Basi jueni kwamba kampeni ni ya binamu, pesa inaingia kwa binamu, na kodi ya huko anadaiwa binamu. Mkikosana hamna pa kushtakiana. Mtandao wenyewe unachukua asilimia 5, na juu yake makato ya malipo.

Pili, huyo Sanderson alikuja na wasomaji aliowajenga kwa miaka na vitabu vingi. Mtandao haukumpa wasomaji, alikwenda nao. Mwandishi wa Lamu anayedhani akipandisha ukurasa wake watu wa Amerika watamkuta, atakaa peke yake na video yake.

Tatu, wanunuzi wetu wengi wako Mkomani, Langoni, Mokowe, Mpeketoni, Faza, na wale wa Mombasa na Malindi wenye asili ya huku. Hawana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Wana M-Pesa, ambayo iko nasi tangu 2007 na mama wa mahamri anaijua kuliko mimi. Hata M-Changa, ambao ni mtandao wa Kenya wa kukusanya fedha, ulijengwa juu ya malipo ya simu kwa sababu hiyo hiyo. Mkitaka ukurasa wa kampeni, huo uko karibu zaidi.

Nyinyi mlio nje tuliwaweka hivi: mnatuma kwa njia mnayotumia kuwatumia wazee nyumbani, mnapewa risiti, na gharama ya kusafirisha kitabu mnalipa mbali. Msichanganye na bei ya kitabu. Posta ya kwenda Ulaya inaweza kuwa ghali kuliko kitabu chenyewe, na mwandishi aliyesema "bei moja popote ulipo" ataumia.

Jambo jingine la kuzingatia. Unbound ya Uingereza, kampuni iliyoanza 2011 kwa kazi hii hii ya kuchapa vitabu kwa fedha za wasomaji, iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi mwaka 2025, na waandishi waliobaki wakidai malipo yao walikuwa wengi. Kwa hiyo pesa ya wasomaji ikae karibu nawe na mbali na matumizi ya mtu mwingine yeyote, hata akiwa na ofisi nzuri.

#8 Fundi_Karatasi

Nimefanya kazi ya uchapaji Mombasa muda mrefu, niruhusuni niseme upande wangu, maana waandishi wengi wanakuja kwetu wakijua kila kitu isipokuwa kitabu kinatengenezwaje.

Kurasa. Mtambo wa ofseti unachapa karatasi kubwa inayokunjwa, mara nyingi inatoa kurasa 16. Mwandishi wa uzi ana 176, ambayo ni 16 mara 11 sawasawa. Mwenye kurasa 179 ananunua karatasi ya 192 na kuacha nyeupe mwishoni. Mwambie anayekupangia kurasa apunguze herufi kidogo au aongeze nafasi, lakini alenge mafungu ya 16.

Ofseti au dijitali. Ofseti gharama yake kubwa ni kabla mtambo haujaanza: kutengeneza sahani za kuchapia na kuweka mtambo sawa. Ukisha kuanza, nakala ya 1,000 haikutishi. Dijitali haina sahani, kwa hiyo nakala 50 zinawezekana, ila bei ya kila nakala haishuki sana hata uagize nyingi. Kwa hiyo lengo lenu la wanunuzi likikwama katikati, kabla hamjarudisha pesa ombeni kotesheni ya pili ya dijitali kwa idadi mliyonayo. Wakati mwingine inatosha, wakati mwingine haitoshi. Ila muwe nayo tangu mwanzo.

Na sasa la Lamu hasa. Hewa yenu ina chumvi na unyevu. Nimewahi kurudishiwa vitabu kutoka huko majalada yamepinda kama yamekaliwa. Karatasi ina mkondo wa nyuzi zake, na mkondo huo unatakiwa uende sambamba na uti wa kitabu. Ukikatwa vibaya, kurasa zinavuta unyevu na kufanya mawimbi, na kitabu hakifunguki vizuri. Chukua karatasi moja ya mfano, iloweshe kidogo pembeni, utaona inajikunja upande gani. Mwambie fundi unataka ijikunje ikifuata uti. Akikushangaa, tafuta matbaa nyingine.

Gundi nayo. Kitabu cha gundi hafifu kikikaa dirishani kwenye jua la pwani, kurasa zitaanza kung'oka. Ukiweza kulipia kushona mafungu kabla ya gundi, lipa. Kama huwezi, omba nakala moja ya majaribio, ifungue katikati mpaka iguse meza mara nyingi, uone. Usitie saini bila nakala hiyo.

Mwisho, ISBN, nambari inayokitambulisha kitabu. Inatolewa na maktaba ya taifa, KNLS. Za Kenya zinaanza 978-9966 au 978-9914. Ipate kabla jalada halijakamilika, kwa sababu mistari yake inakaa nyuma ya jalada, na jalada likishachapwa limechapwa.

#9 Bint_Shela

Fundi, Mungu akuweke. Hili la kuilowesha karatasi sijalisikia popote.

#10 Mzee_Mkomani

Wanangu, nimesoma yote mjukuu akinishikia simu. Yeo watu wanaona ni jambo jipya. Siyu pale, kabla ya mitambo, walikuwako waandishi wa mkono walionakili misahafu, na wafungaji waliofunga kwa ngozi, na kazi yao ilijulikana pwani nzima. Mtu hakai akaandika msahafu mzima kwa wino na kalamu ya tete bila kuwako mtu aliyeuagiza. Karatasi ilikuja kwa bahari na ilikuwa ghali. Kwa hivyo ndia hii ya kitabu kulipiwa kabla hakijaandikwa si ngeni kwetu.

Nalipenda neno lake kuwa mswada ukamilike kwanza. Jahazi halishushwi maji halijatiwa kalafati.

Lakini nina swali, na nataka lijibiwe mbele ya watu. Wale mafundi wa Matondoni waliokaa nawe wakakupa maneno ya babu zao, wamepata nini? Maana nimeona wageni wengi wakija na vinasa sauti, wanaondoka, na hatusikii tena. Ukiwa wewe ni mtoto wa mji na unauza, hisabu ya fundi iko wapi?

#11 Mwandishi_wa_Amu

Shikamoo mzee wangu. Najibu mbele ya watu kama ulivyotaka.

Kabla ya kampeni kufunguliwa tulirudi Matondoni na mswada, tukausoma kwa sauti kwa wale waliosimulia. Mahali walipotaka kitu kitoke, kilitoka. Kuna vipimo fulani vya kukata mbao za mkuku, uti wa chini wa jahazi, ambavyo fundi mmoja alisema hivi ni vya ukoo wetu, visichapwe. Havikuchapwa. Nchi yetu ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi tangu 2016, lakini hata isingekuwako, mtu aliyekukaribisha barazani kwake hakukuuzia siri yake, nawe usiiuze.

Kila aliyesimulia alipata nakala kabla ya mnunuzi yeyote, na jina lake liko ndani ya kitabu kwa namna aliyotaka yeye. Na kwenye hesabu kuna fungu lao katika kila nakala inayouzwa baada ya gharama kulipwa, limeandikwa kwenye karatasi na wao wana nakala ya karatasi hiyo. Si pesa nyingi. Tuliliandika pia kwenye tangazo la kuuza, ili mnunuzi ajue pesa yake inafika wapi, na mafundi wajue kwamba mnunuzi anajua.

Wanaouliza kuhusu haki ya mwandishi: hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na Kenya inadumu maisha yako na miaka 50 baadaye. Kusajili kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO, si sharti, ila ni ushahidi mzuri siku mtu akikunakili. Nawe ukijichapia, hujamuuzia mtu haki yoyote. Hilo ni jambo kubwa, lithaminini.

#12 Mkaazi_Malindi

Mimi niko Malindi, nina mashairi. Kuna mheshimiwa mmoja amesikia, amesema atalipa gharama yote, nakala 1,000, bila mimi kutafuta mnunuzi hata mmoja. Anachotaka ni dibaji iwe yake na picha yake nyuma ya jalada. Nyinyi mnahangaika na watu 326, mimi nimepata mmoja. Kuna ubaya gani?

#13 Mwandishi_wa_Amu

Ndugu wa Malindi, kitabu ni chako na shida zako unazijua wewe. Lakini umeuliza, nitakujibu kwa moyo mweupe: mimi nisingekubali, na sisi tuliwahi kuletewa jambo linalofanana na hilo.

Nakala 1,000 zikilipwa na mtu mmoja, zitagawiwa kwenye mkutano wake. Aliyepewa bure mkutanoni hajakichagua kitabu chako. Uchaguzi ukipita, kitakaa na fulana na kofia za kampeni. Na asiyempenda mheshimiwa hatalisoma hata shairi moja, ingawa hukuandika hata beti moja la siasa.

Halafu kuna kitabu cha pili. Umeandika mashairi ya bahari leo, kesho utataka kuandika kuhusu ardhi, au bandari, au wavuvi. Utaandika huku unamfikiria nani? Watu 326 waliolipa 900 kila mmoja hakuna hata mmoja wao anayeweza kukwambia futa ubeti huu. Ndiyo maana tunahangaika nao. Na ukiwa na orodha yao, kitabu cha pili unaanza na watu 326 wanaokujua, ilhali kwa mheshimiwa unaanza tena na mlango wake.

Kama anakupenda kweli, mwambie anunue nakala 20 kwa bei ya wote na azipeleke maktaba. Jina lake litaingia kwenye orodha kwa herufi za ukubwa uleule.

#14 Mkaazi_Malindi

Hilo la nakala 20 nitamwambia. Tutaona atasemaje.

#15 Bint_Shela

Kaka, hiyo orodha ya majina ndani ya kitabu. Mama yangu anasema ni riya. Mtu akitoa, mkono wa kushoto usijue. Na wanawake wengine hawataki majina yao yatembee.

#16 Mwandishi_wa_Amu

Mama ana haki. Ndiyo maana kwenye fomu kulikuwa na swali: jina liandikwe vipi? Wengine waliandika "Mama Fulani", wengine "msomaji wa Mkomani", wengine wakaacha wazi. Mmoja alinunua kwa jina la baba yake aliyekuwa nahodha na sasa ni marehemu, na hilo ndilo jina lililochapwa. Kununua kitabu si sadaka kwa hiyo sioni riya ndani yake, ila uamuzi ni wa mnunuzi.

Orodha hizi ni za zamani sana katika kazi ya vitabu. Mwaka 1789 Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa akajikomboa kwa pesa zake, alitoa kisa cha maisha yake London kwa njia hii hasa. Wanunuzi walilipia mapema, majina yao yakachapwa mwanzoni mwa kitabu, na haki ya kitabu akaibakiza mikononi mwake. Hakumwachia mchapishaji. Kilitoka chapa tisa akiwa hai, na kila chapa orodha ikawa shahidi kwamba watu wanasimama naye dhidi ya biashara ya watumwa. Nikilikumbuka hilo, naona kwamba orodha ya majina inafanya kazi kubwa kuliko kumfurahisha mnunuzi. Msomaji asiyekujua anaifungua, anakuta jina la mwalimu wake, la jirani, la mwenye boti, na anakiamini kitabu kabla ya ukurasa wa kwanza.

#17 Mwalimu_Faza

Nauliza kwa ajili ya wanafunzi. 900 ni nyingi kwa mtoto wa kisiwa chetu cha Pate. Kitabu kinachohusu ufundi wa babu zao wasikisome kwa sababu ya bei?

#18 Mwandishi_wa_Amu

Mwalimu, tuliweka ngazi ya pili ya bei: 1,700, unapata nakala moja na nyingine inakwenda shule uliyoitaja. Walio Mombasa na ughaibuni waliipenda sana, kila mmoja akataja shule aliyosoma. Nitumie ujumbe wa faragha, Faza ina zake zinasubiri boti.

#19 Langoni_Kwetu

Mimi niliyelalamika juu, naomba kuuliza la mwisho. Vitabu vilifikaje salama? Maana hilo la kuvuka kwa boti kutoka Mokowe, bara, nalijua.

#20 Mwandishi_wa_Amu

Kwa katoni ndogo. Matbaa hupenda katoni kubwa, lakini kumbuka kisiwani hakuna lori: kutoka Mokowe ni boti, kutoka gatini ni hamali au punda. Katoni anayoibeba hamali mmoja bila kuiburuta ndiyo itakayofika na pembe zake. Ndani kila fungu la vitabu limefungwa nailoni yake, kisha katoni nzima nailoni nyingine, kwa sababu kusi ikivuma maji ya mkondo yanarukia ndani ya boti na yanaingia popote. Tulisubiri maji yajae ndipo tukapakua, ngazi zikiwa zimezama na boti iko usawa wa gati. Na nyumbani katoni zikae juu ya mbao, mbali na ukuta wa matumbawe, maana ukuta unatoa jasho.

Muda pia upangeni. Msichapishe ili vifike mvua ya Aprili na Mei. Msifungue mauzo mwisho wa Shaaban, kila nyumba inajiandaa kwa Ramadhani. Sisi tulilenga vitabu viwepo siku za Maulidi, watu wa Lamu wa kila mji wamerudi nyumbani, na waliolipia mapema wakachukua vyao kwa mkono. Tuliokoa gharama kubwa ya posta.

#21 Bint_Shela

Nimeandika yote. Namaliza sura mbili zangu, kisha mhariri, kisha kotesheni. Kwa utaratibu huo huo.

#22 Fundi_Karatasi

Ukipata kotesheni, dada, ibandike hapa kabla hujatoa arbuni. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari.